Matanga ya Mzee Tuseme

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Eudosia Kikoti aliteremka ngazi za mtaa wao wa Kihesa na chupa tupu mkononi, akasimama kwenye foleni ya maziwa ya mama Ezelina. Aliipenda foleni ile kwa sababu haikumdai neno. Mama Ezelina aliiona chupa akajua kiasi, mzani wa kaunta ukalia, wakatikisiana vichwa, kila mtu akashika njia yake. Kwa mtu kama Dosia, ambaye hata kuomba njia kulimtoa jasho, hiyo ilikuwa namna nzuri ya kuanza siku.

Asubuhi hiyo mama Ezelina aliinamisha kopo la maziwa, akalisimamisha hewani, akakohoa.

Vilikuwa vikohozi vitatu vidogo. Viwili vya haraka, cha tatu kimevutwa, kama mtu anayejaribu mlango kabla ya kuusukuma. Kisha akasema kwa sauti nzito ya puani, "Basi, tuseme hivi."

Chupa ilimponyoka Dosia, ikabiringika chini ya miguu ya watu.

"Mama Ezelina, umempatia!" kijana mmoja alipiga makofi nyuma. "Mpaka pua!"

"Nafanya mazoezi, mwanangu. Mume wangu siku hizi akinidai chai namkoholea tu, anacheka, anaisahau chai."

"Hujaona kanisani," alidakia mama mwenye kapu. "Jumapili padri kapanda kuhubiri, koo likamkwama, akakohoa. Kanisa zima likaitikia, 'Basi, tuseme hivi!' Hata yeye akashindwa kuendelea."

Wote walicheka. Mama Ezelina alikuwa amehamia Kihesa baada ya mvua kuisha. Hakujua kwamba kikohozi kile kilikuwa na mwenyewe, na kwamba mwenyewe, mwalimu Severini Kikoti wa kwaya ya parokia, alizikwa mvua hizo hizo zikinyesha, na kwamba binti yake ndiye aliyekuwa akiinama pale kutafuta chupa.

"Umeumia, binti?" aliuliza.

Dosia alitikisa kichwa. Alitaka kusema, naomba usifanye tena hivyo. Maneno yalifika kwenye meno, yakarudi. Alilipa, akapanda ngazi. Nyumbani alimkuta mama yake ameongeza sauti ya redio, kama alivyofanya kila siku kuanzia wiki ya pili ya Mzee Tuseme, kinyago cha mchezoni kilicholeta kikohozi kile mtaani, ili kelele za mtaani zisiingie. Alikuwa ameacha kwenda sokoni. Baada ya Jumapili hiyo ya padri, alikuwa ameacha na misa.

"Maziwa haya hapa, mama."

"Wamekohoa leo?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Hapana," alisema Dosia.

*

Ofisi ya Finyanga ilikuwa juu kwenye miamba ya Gangilonga, katika jengo la matofali yanayonyonya jua mchana na kuwasha taa usiku. Dosia alifanya kazi humo ya kuhakiki vinyago. Ndivyo wachezaji walivyoviita vitu walivyoviumba.

Michezo mingine humpa mchezaji shujaa na adui. Finyanga ilimpa donge la udongo. Ukivaa miwani unaliona mbele yako, unalifinyanga kwa vidole mpaka liwe unachotaka: twiga mwenye magurudumu, chungu kinachoimba, bibi harusi wa majani ya migomba. Kisha unalipulizia pumzi, yaani unaliigizia mwendo, sauti, hasira na kicheko. Kinachobaki mashine hukijaza yenyewe, kwa kuwatazama watu wanaokutana na kinyago chako. Kinyago kinachopendwa huzaa nakala. Kila nakala hujifunza mahali ilipo, ikarudisha ilichojifunza kwenye mzizi. Mzizi ukikatwa, nakala zote hunyauka siku hiyo hiyo.

Mchezo ulipotoka ulipokelewa kama mgeni aliyekuja wakati wa chakula. Gazeti moja liliuita "udongo mtupu". Wachezaji waliingia, wakafinyanga vitu viwili vitatu, wakaondoka. Kampuni ilikuwa mbioni kufungwa. Ndipo akaja Mzee Tuseme, kinyago cha mzee mfupi aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono nyuma, akikohoa mara tatu kabla ya kumsema mtu.

Siku hiyo ukuta mzima wa ofisi ulijaa maoni ya wachezaji, yakipanda kama siafu. *Nilikuja kufinyanga simba, nimebaki kusemwa na mzee, na kesho narudi.* *Mke wangu amenikoholea mbele ya wakwe.* *Nipo kitandani hospitali ya Kigoma mwezi wa tatu, huyu mzee ndiye aliyenifanya nicheke mpaka muuguzi akaja.* Katikati ya sifa hizo lilipita moja fupi, la mwalimu mstaafu wa Tabora: *Mchezo mzuri, ila naona kila kiumbe sasa anaanza kufanana na mtu mmoja. Mtu huyo ni nani, na ameulizwa?*

Dosia alilisoma likipanda, mpaka likapotea kwenye dari.

"Dosia! Umeona?" Fidea Mlowe alikuja mbio kutoka chumba chake, viatu mkononi. Ndiye aliyeianzisha kampuni, na siku zenye habari njema hakuweza kuvaa viatu. "Tunachezwa Afrika nzima, mdogo wangu. Leo saa kumi na mbili jioni tunaachia Mbegu. Bado saa chache tu."

Mbegu ndiyo iliyomnyima Dosia usingizi. Kuanzia jioni hiyo, donge la udongo lisingekuja tupu tena. Kila donge jipya, popote duniani, lingezaliwa na chembe za vinyago vilivyopendwa kuliko vyote, na cha kwanza kati ya hivyo kilikuwa Mzee Tuseme. Mtoto wa Dakar angefinyanga samaki, na samaki yule angekohoa mara tatu. Baada ya hapo mzizi usingekuwepo wa kukatwa. Chumvi ikishaingia kwenye mchuzi, haitoki.

"Dada Fidea," alisema Dosia. "Na kama... kama tungesubiri kidogo?"

"Kusubiri nini?"

Dosia alitazama sakafu.

Fidea aliweka viatu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwepo mazishini, alishika mwavuli juu ya kichwa cha mama yake Dosia mpaka mkono ukafa ganzi. "Nisikilize. Najua ni baba yako. Lakini kinyago kile kilifinyangwa matangani kwenu, mbele ya macho yenu wote, na aliyekipitisha ni wewe. Nikakuuliza, sababu? Ukaandika, utani wa msiba. Nikasema hao ni Wahehe na Wangoni wao, mimi Mbena niingilie nini."

"Ndiyo, dada."

"Umebadili mawazo? Sheria ipo. Kinyago chenye sura ya mtu wa kweli hukatwa kwa mikono miwili, wa mfinyanzi na wa ndugu, na mfinyanzi aseme sababu kwa mdomo wake, wachezaji wote wasikie. Nileteeni mikono hiyo kabla ya saa kumi na mbili, nami nitakubali, hata kama kesho sote tutauza mahindi ya kuchoma. Lakini nataka nikusikie. Unataka akatwe?"

Dosia aliona vichwa vikiinuka juu ya meza, vya watu ambao mwezi uliopita walikuwa wanafungasha vitu vyao na sasa wamerudi. Mmoja alikuwa amenunua kiti kipya.

"Sijui," alisema.

*

Alijifungia chumba cha wahakiki, akavaa miwani.

Hakuwahi kujifinyangia umbo. Aliingia kama donge, akabingirika hadi kwenye uwanja ambao wachezaji wenyewe walikuwa wameujenga, na akajipanga kwenye foleni mbele ya ile ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake alikuwepo twiga mwenye magurudumu.

Mzee Tuseme alikohoa. "Basi, tuseme hivi. Shingo unayo, magurudumu unayo. Breki je? Au utasimamishwa na ukuta?"

Uwanja ulilipuka kwa vicheko.

"Mzee," sauti ya mchezaji mmoja ilipazwa kutoka nyuma, "wewe una watoto?"

"Ninaye mmoja. Binti. Akitaka chumvi mezani, hulia kwanza. Sisi tukadhani ugali umemuunguza."

Dosia aliganda. Ilikuwa kweli. Alikuwa mdogo, kulikuwa na wageni, na chumvi ilikuwa mbali. Baba yake hakuisimulia kamwe mbele za watu. Aliyeisimulia siku zote, kwa kelele na kupiga meza, alikuwa rafiki yake Otmari Nyoni, Mngoni, mtani wao. Sasa uwanja mzima ulikuwa ukiangua kicheko, na mahali fulani mtu aliigiza mtoto anayelilia chumvi, akapigiwa makofi.

Ndani ya aibu ile alijiuliza swali lililomchoma kuliko aibu yenyewe. Je, nataka akatwe kwa ajili ya baba, au kwa sababu ananicheka mimi?

Alitumia uwezo wake wa mhakiki, akausimamisha uwanja. Vicheko vilikatika. Wakabaki wawili, donge na mzee.

"Unajua ulikotoka?" aliuliza.

Vikohozi vitatu. "Nimetoka mdomoni mwa Mngoni. Kwa hiyo nikidanganya usinilaumu, laumu shamba."

"Leo wanataka kukufanya mbegu."

"Nimesikia. Na wewe unataka nini?"

"Mimi..." Hata huku, mbele ya udongo, maneno yaligoma.

Mzee Tuseme alicheka. Kilikuwa kicheko kipana, cha kifua wazi, nacho kilimtisha Dosia, kwa sababu baba yake hakucheka hivyo hata siku moja. Yeye alitabasamu tu akashika ncha ya pua. Kicheko hiki kilikuwa cha watu elfu na elfu waliokutana na kinyago, kila mmoja akaacha kidogo. Ni kikohozi tu kilichobaki cha baba. Kikohozi, na ile mikono nyuma.

Akakumbuka kitu. Baba hakuwa akikohoa ili aseme. Alikohoa ili aimbe. Mbele ya kwaya alikohoa mara tatu, akanyamaza, kisha akatoa sauti ya kuanzia, nyembamba na iliyonyooka kama uzi. Sauti ya nne ikaichukua, kisha ya tatu, mpaka kanisa likajaa. "Basi, tuseme hivi" ilikuja tu mtu alipoharibu, na aliyeharibu alikuwa Otmari, kwenye safu ya nyuma.

"Mzee," Dosia alisema taratibu, "tupe sauti ya kuanzia."

Kinyago kilikohoa. Mara mbili haraka, ya tatu ikavutwa. Dosia akasubiri. Moyo wake wote ulisubiri pamoja naye.

Hakukuja kitu. Mdomo wa udongo ulifunguka ukafungika. Kikakohoa tena, na tena, kama mtu anayejaribu mlango wa nyumba isiyojengwa.

"Basi, tuseme hivi," kikasema mwishowe. "Sauti zimekwenda choo."

Otmari, aliyekifinyanga, hakuwahi kuweza kuishika noti hata moja. Hakuweza kuipulizia kwenye udongo. Alichokichukua kwa baba kilikuwa kile tu alichokuwa akikisikia kutoka nyuma.

Dosia alivua miwani. Alijua anakwenda wapi. Alikichukua kioo cha mkononi cha ofisi, kile cha kuwekea mikono ya idhini, akapita kwa Fidea.

"Naenda Ipogolo," alisema. "Kwa mfinyanzi."

Fidea alimtazama muda mrefu. "Nitakaa kwenye mtambo. Mpaka saa kumi na mbili. Zaidi ya hapo, mdogo wangu, sina namna."

*

Kwanza alipita sokoni kununua kuku.

Desturi ilikuwa hivi, na kosa lao wote lilikuwa humo. Mtu akifa, mtani huja. Huvaa koti la marehemu, huigiza mwendo wake, humtukana na kaburini, na wafiwa waliokuwa wakilia hujikuta wakicheka. Otmari alifanya hayo yote. Siku ya tatu ya msiba alikuja na miwani, akaketi mkekani katikati ya wanawake, akamfinyanga Severini hewani, na mama yake Dosia akacheka kwa mara ya kwanza. Nani angekataa? Dosia aliupitisha udongo ule akiwa palepale mkekani, akijua kwamba utani wa msiba una mwisho wake. Siku ya kuanua tanga, wafiwa humpa mtani kuku, mtani hulivua koti, hulikunja, na tangu hapo marehemu haigizwi tena. Wote wawili wamefunguliwa.

Ila siku hiyo Otmari hakuja. Alituma ujumbe kwamba mgongo unamuuma. Wakaanua tanga bila yeye, wakisema kuku atapelekewa. Kuku hakupelekwa. Na mashine haikujua habari ya tanga wala mkeka. Iliambiwa ianze, haikuambiwa ikome.

Kibanda cha abiria kilichoning'inia kwenye waya kiliteremka kutoka mjini kuelekea bondeni, kikiyumba kwa upepo. Kuku alikuwa chini ya kwapa la Dosia, akimdonoa kiwiko. Jua lilikuwa limekwisha kugusa milima. Abiria wawili waliovaa miwani walikuwa wakicheka peke yao, kila mmoja na Mzee Tuseme wake.

Otmari Nyoni alikuwa fundi wa magurudumu ya vibanda hivyo, na banda lake la kazi lilikuwa chini kabisa, waya zilipoishia. Alikuwa ameinamia gurudumu na brashi ya grisi. Alivaa koti la kahawia lenye kiraka cha kijani kwenye kiwiko. Kiraka hicho Dosia alikishona mwenyewe.

"Shikamoo, baba Nyoni."

"Sitaki shikamoo ya Mhehe," alisema bila kuinua kichwa. "Itaniambukiza baridi. Na huyo kuku ni wako au umemwazima ili upate wa kuongea naye?"

"Ni wako."

Otmari alimtazama kuku, kisha jua, kisha akachovya brashi upya. "Amekonda. Ana miguu ya Mhehe. Hata kukimbia vita hawezi."

Kwa desturi alipaswa kujibiwa tusi kwa tusi. Baba yake angejibu kabla hajamaliza. Dosia hakuwahi kuweza. Siku zote alitabasamu akatazama chini, na mzee huyu alimhurumia akahamia kwa mtu mwingine.

"Leo jioni wanamfanya mbegu," alisema. "Baada ya hapo hatakatika. Naomba mkono wako."

"Mkono? Uposwe wewe, mkono uombe kwangu?" Otmari alicheka. "Mwambie bosi wako huyo Mbena, Mzee Tuseme ndiye Mhehe pekee aliyewahi kupendwa nje ya Iringa. Mkimkata, mtarudi kujulikana kwa kula mbwa tu."

"Mama ameacha kwenda misa."

"Aende Songea, misa za huko zina ngoma."

"Baba Nyoni."

"Mjukuu wangu alimwona huko kwao, akasema babu, yule mzee..."

"Baba Nyoni!"

Hakujua kwamba ana sauti kubwa kiasi hicho. Kuku aliruka kutoka kwapani, akakimbilia chini ya mtambo. Otmari alisimamisha brashi.

Dosia alikuwa akihema. Kioo cha mkononi kilionyesha kwamba kulikuwa na dakika chache tu. Mbele yake alisimama mtu aliyeongea naye tangu azaliwe na hajawahi kumwambia neno lililonyooka, kwa sababu kati ya watani hakuna neno lililonyooka. Akaona kwamba akiendelea kuomba kwa adabu, atajibiwa kwa mzaha mpaka jua lizame. Ilimlazimu kwanza aingie kwa mlango wa mzee mwenyewe, utani.

"Wewe Mngoni," alianza, na uso ukamwaka moto. "Umeshika brashi kama ulivyoshika sauti ya nne. Grisi kotekote na gurudumu halizunguki. Baba alikuweka safu ya nyuma si kwa sababu ya urefu. Alitaka ukuta ukusikie wewe, sisi tupone."

Mdomo wa Otmari ulibaki wazi. Kisha akapiga goti lake kwa kofi, mara moja, kwa furaha ya kweli. "Ehee! Huyo ndiye mtoto wa Severini! Alikuwa amefichwa wapi siku zote?"

"Nimemwomba Mzee Tuseme atoe sauti ya kuanzia," alisema Dosia. "Ameshindwa. Anakohoa, halafu hakuna kitu. Anakohoa tena. Hakuna."

Furaha ilimtoka Otmari usoni polepole.

"Mimi sikuijua," alisema. "Ile sauti. Niliisikia, lakini kuitoa..."

"Najua."

Kibanda kitupu kilifika juu yao, kikagonga kizuizi, kikageuka kupanda tena.

"Nilidhani nataka anyamaze kwa sababu ananicheka," alisema Dosia. Alikuwa akilia sasa, na hakujificha. "Labda ni kweli. Labda kidogo ni kweli. Na yule mgonjwa wa Kigoma atakosa wa kumchekesha, na wenzangu watakosa kazi, na kosa litakuwa langu, nitalibeba. Lakini mlimzika nusu, baba Nyoni. Nusu iko kaburini, nusu imekaa kwenye ndoo inatafuta sauti isiyoipata. Nataka baba yangu afe. Nataka afe wote, mama atoke nje."

Otmari aliifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akafungua vifungo vya koti, akalivua. Ndani alikuwa na fulana tu, na mabega yake yalionekana madogo. Alilikunja koti vibaya, akalikunjua, akalikunja upya kwa makini, mikono ndani, kiraka juu, akaliweka mapajani mwa Dosia aliyekuwa ameketi kwenye kreti.

"Lete hicho kioo chako," alisema.

Dosia aliweka kiganja chake upande mmoja. Otmari akaweka chake upande wa pili, chenye grisi kwenye mikunjo. Kioo kikawaka. Sauti ya Fidea ilitoka, nyembamba, ya mtu aliyekuwa akisubiri. "Nawaona. Mikono yote miwili ipo. Sasa mfinyanzi atoe sababu, wachezaji wote watasikia. Mzee Nyoni, sema ukiwa tayari."

Otmari alikohoa. Vikohozi vitatu, viwili vya haraka, cha tatu kimevutwa. Dosia alifumba macho. Mahali fulani, kwenye viwanja vyote vya udongo, watu walikuwa wamenyamaza wakingoja kuchekeshwa.

"Basi, tuseme..." alianza kwa ile sauti ya puani, akakwama.

Fidea hakumhimiza. Kuku alitoa kichwa chini ya mtambo, akakirudisha.

Otmari alipoongea tena, sauti ilikuwa yake mwenyewe, ya kukwaruza, isiyokuwa na noti yoyote.

"Jina langu Otmari Nyoni," alisema. "Huyo mnayemcheka alikuwa mtu. Aliitwa Severini Kikoti, alifundisha kwaya, na amekufa. Siku ya kunifungua nilisema mgongo unauma. Mgongo haukuuma. Nilijificha humu bandani, kwa sababu nilijua nikilivua koti lake atakuwa amekwenda kweli. Maisha yangu yote sikumwambia neno jema hata moja, ndiyo desturi yetu, naye hakuniambia. Alikuwa rafiki yangu. Nilimpenda, na niliogopa kubaki bila mtu wa kumtukana. Koti nimelivua leo, mkateni."